Mwongozo kamili: kusimamia matengenezo ya jengo Tanga, kuanzia mkandarasi anapokukabidhi mpaka ripoti ya mwezi

Kama umepewa jengo usimamie hapa Tanga, iwe ghorofa la wapangaji Ngamiani, lodge Raskazone au ofisi za kupangisha Chumbageni, kuna kitu utakiona mapema tu: mafundi wapo kibao, tena wengine wazuri sana, ila wapangaji bado wanalia. Koki imeharibika Jumatatu inakuja kutengenezwa Ijumaa ya wiki inayofuata, na fundi siku zote hizo alikuwa kijiweni mtaa wa pili anakunywa kahawa, hana habari. Fundi hana kosa hapo. Lalamiko limepotea njiani, limetoka kwa mpangaji likaishia kwa mlinzi, au limefika kwa fundi lakini hakuna aliyerudi kumuuliza mpangaji kama kweli pamekuwa sawa. Kupanga hiyo njia ndo kusimamia huduma, na haihitaji programu ya gharama, kaunta buku moja au Excel ya kwenye laptop ya ofisi inatosha kabisa kwa nyumba zenye wapangaji thelathini arobaini.

Hatua ya 1: Usipokee jengo kwa kupeana mikono

Kama jengo ni jipya, kazi yako inaanza kabla mkandarasi hajaondoka. Wengi wanapokea funguo, wanapiga picha, wanakula pilau, basi. Halafu masika inaingia na dari la ghorofa ya juu linaanza kuchora ramani.

Mkataba wa ujenzi kawaida unakuwa na kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 6 hadi 12 baada ya makabidhiano, na ndani ya kipindi hicho mkandarasi anarekebisha kasoro zake kwa gharama zake. Kuna na pesa ambayo mwenye jengo anaishikilia kwenye malipo mpaka kipindi kiishe. Hiyo pesa ndo mkono wako, ukiiachia mapema usitegemee simu yako ipokelewe. Soma mkataba ujue ni asilimia ngapi, inatolewa lini, na kasoro inatakiwa iripotiwe vipi, kwa sababu ukimwambia foremeni kwa mdomo kwenye saiti hujaripoti kitu. Andika barua au barua pepe, weka tarehe, weka picha.

Siku ya kukagua usitembee na macho tu, jaribu vitu. Fungua koki zote za ghorofa ya juu kwa wakati mmoja uone presha inabaki vipi. Flashi vyoo vyote kwa mkupuo halafu nenda kafungue mifuniko ya chemba nje uone maji yanapita au yanakaa. Slabu ya juu na sakafu za bafu ziba njia ya kutolea maji, jaza maji kina cha sentimita chache uache masaa 24 au zaidi, kesho yake nenda ghorofa ya chini uangalie dari. Kwenye umeme zima breka moja moja uone inazima nini, na uandike pale pale kwenye mlango wa boksi, maana fundi aliyevuta nyaya akishahamia saiti nyingine Handeni hutampata tena akuelekeze. Breka ya kulinda watu dhidi ya umeme unaovuja ina kitufe cha kujaribia, kibonyeze, isipokata irudishwe.

Kabla hujasaini dai vitu hivi: michoro ya jengo lilivyojengwa kweli na siyo lilivyochorwa mwanzo, majibu ya vipimo vya umeme na earth (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini), vitabu vya jenereta na pampu na AC, karatasi za garantii zenye tarehe, aina na namba ya rangi iliyopakwa, vigae vya akiba vya kila aina, na funguo zote zikiwa na lebo. Michoro ya mabomba ndo muhimu kuliko vyote. Bila hiyo, siku bomba likipasuka ukutani utavunja sehemu tatu kutafuta moja.

Weka na alamu kwenye simu yako miezi miwili kabla matazamio hayajaisha, uzunguke jengo zima upya na wapangaji wakuonyeshe kila kitu. Na ujue kutenganisha mambo matatu ambayo wenye nyumba wanayachanganya sana. Ufa kwenye plasta ambao hakuna aliyeugusa ni kasoro ya mkandarasi. Raba ya koki iliyoisha baada ya mwaka ni uchakavu, ni wa mwenye nyumba. Sinki lililovunjika kwa sababu mtu alisimama juu yake kufunga pazia ni la mpangaji. Ukiweka hii kwenye mkataba wa upangaji tangu mwanzo utajiokoa na ugomvi mwingi.

Hatua ya 2: Orodhesha kila kitu kinachoweza kuharibika

Zunguka na simu na kaunta buku. Kila AC, kila pampu, kila simtanki, kila mtungi wa kuzimia moto, kila boksi la umeme, kila geti valvu, vyote vipate namba. Mimi natumia aina ya kitu, ghorofa, halafu namba, kwa hiyo AC-2-05 ni AC ya tano ghorofa ya pili. Piga picha kile kibati chenye modeli na namba ya kiwanda, maana ndo fundi atakachokuuliza akitaka kuagiza spea, na baada ya miaka kadhaa karibu na bahari hakisomeki tena. Lebo za karatasi usijisumbue, jua la huku na chumvi vinazimaliza haraka. Andika kwa rangi ya mafuta au chonga kibati cha alumini.

Kwenye orodha weka tarehe ya kufungwa, garantii inaisha lini, nani alifunga, sevisi ya mwisho lini. Hayo tu yanatosha kuanzia. Nimeona watu wanatengeneza Excel ya kolamu 40 halafu haijazwi hata moja.

Hatua ya 3: Mlango mmoja wa malalamiko

Hapa ndo roho ya kazi yote. Namba moja ya simu, ya ofisi, siyo ya fundi wala ya mwenye nyumba. Laini ibaki ya jengo hata mtu wa mapokezi akibadilika. Mpangaji akimwambia mlinzi, mlinzi ampigie mapokezi hapo hapo. Mpangaji akimkamata fundi kwenye ngazi, fundi aseme "sawa dada, ila naomba upige ile namba ili niandikiwe", siyo kwamba anamringia, ni kwamba asipoandikiwa atasahau na lawama itarudi kwa ofisi.

Wasap ruhusu, watu wa Tanga wengi ndo wanakotumia, tena picha inasaidia sana, ila iwe ujumbe wa moja kwa moja kwa namba ya ofisi. Grupu la wapangaji lisitumike kupokea malalamiko. Lalamiko la choo linaingia saa 2 asubuhi, likifuatiwa na salamu za Ijumaa, tangazo la msiba, video ya mahubiri na mtu anauza vitumbua, ikifika mchana hakuna anayekumbuka choo kilikuwa cha nani. Grupu libaki la matangazo.

Anayepokea simu afundishwe kuuliza: wewe nani na uko chumba gani, nini kimetokea, tangu lini, kuna maji karibu na umeme au moshi au harufu, na fundi akija atakukuta saa ngapi. Hilo la mwisho linasahaulika na ndo linalofanya fundi apande ghorofa tatu akute mlango umefungwa. Swali moja zuri linaweza kubadilisha kazi nzima, angalia hii:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Huku maji yanamwagika, njooni."
"Pole mama. Yanamwagika wapi, chini ya sinki au juu?"
"Juu kwenye dari, hapa hapa penye taa."
"Basi mama msiguse swichi yoyote hapo sebuleni, na watoto watoke humo. Nazima umeme wa kwako kutokea huku chini, fundi anakuja sasa hivi. Namba ya lalamiko lako ni 118."

Asingeuliza "wapi", angeandika "maji yanavuja chumba 9" na fundi angekuja kesho. Na ile namba 118 siyo urembo, mpangaji akipiga tena hahadithii upya toka mwanzo, anataja namba tu.

Hatua ya 4: Kubalianeni nini kinakimbiliwa na nini kinasubiri

Bila madaraja, anayepiga kelele zaidi ndo anahudumiwa kwanza, na bibi mpole wa ghorofa ya juu anakaa bila maji siku tatu. Jiulize mambo mawili tu: ni mbaya kiasi gani, na inagusa watu wangapi. Mimi nayagawa hivi, wewe rekebisha kulingana na jengo lako.

Daraja la kwanza ni hatari: maji kwenye umeme, cheche, moshi, harufu ya gesi, bomba kubwa limepasuka, mtu kakwama kwenye lifti, majitaka yanarudi ndani. Kujibiwa ndani ya dakika 15, mtu afike ndani ya saa 1, usiku au mchana.

Daraja la pili ni huduma muhimu imekatika: chumba hakina maji kabisa, choo pekee cha nyumba kimeziba, umeme wa chumba kimoja umekata, kitasa cha mlango wa nje hakifungi. Mtu afike ndani ya masaa 4, iishe ndani ya masaa 24. La tatu ni kero: koki inadondosha, AC haipozi vizuri, taa ya korido, siku 3. La nne ni maombi, mtu anataka kuongezewa soketi au kupakiwa rangi, hayo yanapangwa na mara nyingi analipia mwenyewe. Kama ndani kuna mgonjwa, mzazi mwenye kichanga au mtu mzima asiyeweza kupanda ngazi, panda daraja moja juu.

Halafu tenganisha saa za aina nne ambazo watu wanazihesabu kama moja: saa ya kujibu, saa ya kufika, saa ya kufanya pawe salama, na saa ya kumaliza. Bomba likipasuka saa 8 usiku hutegemei fundi abadilishe bomba usiku ule, unategemea afunge valvu maji yasimame, na asubuhi kazi iendelee. Mpangaji akielezwa hivyo haudhiki. Anaudhika akiambiwa "anakuja" halafu kimya.

Kubalianeni pia saa inasimama lini. Umeme ukikatika mtaa mzima hiyo ni ya TANESCO, maji yasipotoka mtaa mzima ni ya Tanga UWASA, wewe andika muda, toa taarifa na ufuatilie, lakini usimhesabie fundi wako. Spea ikiwa inatoka Dar kwa basi, andika "inasubiri spea" na tarehe inayotegemewa. Ila angalieni, "inasubiri spea" ndo mfukoni mafundi wanakoficha kazi wasizozitaka. Risiti ya oda ya spea isipokuwepo, saa inaendelea kukimbia.

Hatua ya 5: Oda ya kazi, hata kwa balbu

Fundi asisogee bila oda, yaani karatasi yenye namba inayoeleza kazi ya kufanya. Siyo lazima fomu ya kuchapisha, kitabu cha nakala mbili cha dukani kinafaa. Oda iliyojazwa vizuri inasomeka hivi:

Na. 118. Chumba 9, ghorofa ya 2. Imepokelewa saa 1:40 asubuhi. Daraja 1. Maji yanatoka dari la sebule karibu na taa. Fundi bomba amefika 2:15. Amekuta kiungo cha bomba la maji machafu cha bafu la chumba 13 kimeachia. Amekata, ameweka kiungo kipya cha inchi 2, gundi, kibanio. Amejaribu kwa ndoo tatu za maji. Fundi umeme amekagua taa 3:30, amekausha, amerudisha umeme. Dari kurudishiwa jipsamu: oda 121.

Ona kuna chanzo, siyo "ametengeneza". Oda inayosema "imerekebishwa" haina faida kwako mwezi ujao. Picha ya kabla na ya baada ziende kwenye folda yenye namba ya oda. Na kazi iliyobaki, lile dari, ipewe oda yake, isibaki kwenye kumbukumbu ya mtu.

Fundi akimaliza anaandika "imefanyika". Anayefunga ni mapokezi baada ya kumpigia mpangaji kesho yake: "Habari za asubuhi mama, lile dari vipi, pakavu?" Akisema pakavu ndo inafungwa. Hii simu ni ya nusu dakika lakini inabadilisha tabia ya fundi kuliko mkataba wowote, kwa sababu anajua kuna mtu atauliza.

Hatua ya 6: Kitu kikirudi mara ya tatu, acha kukitengeneza

Kuna tukio na kuna tatizo lenyewe. Tukio ni pampu imezima leo. Tatizo ni kwa nini hii pampu kila baada ya wiki chache inazima. Ukishaona kwenye daftari kitu kilekile, namba ileile, mara tatu ndani ya miezi mitatu, usitume fundi abadilishe tena, tuma mtu achunguze.

Pampu ya kupandishia presha ndo mfano ninaoukuta sana. Oda ya kwanza: pampu haiwaki, kapasita (kile kifaa kidogo kinachosaidia mota kuanza) imebadilishwa. Oda ya pili: kapasita tena. Ya tatu: mota imeungua, mwenye nyumba anaambiwa anunue pampu mpya, na mpya nayo itaungua vilevile. Sasa simama pembeni ya pampu mtu akifungua koki moja tu ndani. Ukisikia inawaka sekunde mbili, inazima, inawaka, inazima, hapo hapo umeshapata jibu. Pampu haitakiwi kuwaka na kuzima namna hiyo, kila ikiwaka mota inavuta umeme mwingi kwa mkupuo na inapata joto.

Nenda kwenye presha tanki, lile tenki dogo la chuma pembeni. Juu au nyuma yake kuna valvu kama ya tairi ya baiskeli, toa kifuniko, bonyeza kidogo kwa kucha. Ikitoka hewa, sawa. Yakitoka maji, mpira wa ndani umepasuka. Isipotoka kitu, hewa imeisha. Zima pampu, kata umeme, fungua koki maji yaishe presha kabisa, halafu pima hewa kwa kipimo cha tairi: inatakiwa iwe chini kidogo ya presha ambayo pampu inawakia, kama inawakia 20 psi (kizio cha presha kilichopo kwenye kipimo cha tairi) basi hewa iwe 18. Jaza kwa pampu ya baiskeli, washa, sikiliza tena. Pampu ikitulia umeokoa mota. Mpira ukiwa umepasuka, unabadilishwa mpira au tenki. Na kama pampu inavuta kutoka tenki la chini, hakikisha kuna floti ya kuikata maji yakiisha, maana ikizunguka kavu inaharibu sili zake muda si mrefu.

Mambo mengine ya kuchunguza kwa mtindo huo ni breka inayokata usiku wa mvua tu (angalia taa za nje na nyaya za geti kabla hujabadilisha breka), chemba inayoziba sehemu ileile, na ukuta unaobanduka rangi chini kila mwaka. Huo ukuta kwenye nyumba za zamani za mawe na chokaa, Tanga mjini na Bagamoyo zipo nyingi, watu wanaupiga plasta ya saruji wakidhani wanauimarisha. Saruji inafungia unyevu ndani ya ukuta, chumvi inasukuma, plasta inaanguka na kipande cha jiwe. Ukuta wa chokaa urudishiwe chokaa, na rangi iwe inayopumua.

Hatua ya 7: Kalenda ya kinga ifuate hali ya hewa ya huku

Ratiba za kwenye vitabu vya mashine ni nzuri ila hazijui Tanga. Masika inaanza Machi na vuli Oktoba, kwa hiyo Februari na Septemba ni za mabati, gata, slabu na chemba. Usisubiri Machi, mafundi wa bati wote watakuwa wameshikwa.

AC: chujio lioshwe kila mwezi, na kama jengo liko Raskazone au popote bahari inapoonekana, ile mashine ya nje ioshwe na maji yasiyo na chumvi mara kwa mara kutoa chumvi kwenye mapezi. Fundi AC akija na kuongeza gesi kila sevisi, mshtue, gesi haiishi kwa kutumika, ikipungua inavuja mahali na patafutwe. Mashine mpya nyingi zinatumia gesi ya R32 ambayo inaweza kushika moto, kwa hiyo asiwe mtu wa kubahatisha wala mwenye sigara mdomoni.

Jenereta: nyingi ni sevisi kila masaa 250 au mwaka, kinachotangulia. Iwashwe kila wiki au wiki mbili ikiwa na mzigo, siyo kuiacha inanguruma bure dakika tano, dizeli isiyofanya kazi inajaza masizi.

Matenki ya maji: kila miezi 6 yasuguliwe na kuwekwa klorini. Hesabu ni rahisi, kwa miligramu 50 kwa lita, tenki la lita 1,000 linahitaji gramu 50 za klorini yenyewe. Dawa ya klorini ya majimaji ya asilimia 3.5 ni kama lita moja na nusu, ya unga ya asilimia 65 ni kama gramu 77. Acha saa nzima au zaidi, wapangaji wakiwa wamezuiwa kutumia, mwaga, suuza mpaka harufu ipungue. Na asichanganye mtu dawa hiyo na asidi ya kusafishia vyoo, inatoa gesi ya sumu.

Mitungi ya moto: angalia mshale wa presha kila mwezi, sevisi kila mwaka, na cheti cha Zimamoto kisipitwe na wakati. Kitufe cha breka ya uvujaji wa umeme bonyeza kila baada ya miezi mitatu.

Hatua ya 8: Mafundi na mikataba

Kazi ndogo mtumie fundi wa mtaa, hakuna ubaya, ila wa umeme awe na leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na kazi kubwa ya ujenzi mpe mkandarasi aliyesajiliwa CRB (bodi ya usajili wa makandarasi) kwa daraja na aina ya kazi hiyo. Uliza namba ya usajili kisha ihakiki kwenye bodi yenyewe, picha ya cheti kwenye simu haitoshi.

Kwenye makubaliano andika bei ya kuitwa mchana na usiku, bei ya saa au ya kazi, nani ananunua vifaa, na muda wa kufika kwa kila daraja. Weka na hili, kazi ikirudi ndani ya siku 30 kwa kosa la ufundi anairudia bure. Hela ya vifaa ukiweza nunua mwenyewe, fundi akinunua alete risiti ya EFD. Kama unalipa kwa jina la kampuni, kumbuka zuio la kodi la asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, mwambie fundi mapema kabla hamjakubaliana bei, siyo siku ya malipo aone unamkata.

Kuna msemo wetu wa waja leo waondoka leo, mafundi wengine wao ni waja leo warudi kesho kutwa. Dawa yake siyo kugombana, walipe haraka. Fundi anayejua kwako analipwa Ijumaa bila kuzungushwa ataacha kazi ya mtu mwingine aje kwako.

Stoo iwe ndogo lakini isikauke: mashine za ndani za choo, floti, koki za nusu inchi, valvu, tepu ya kufungia uzi, breka za saizi unazotumia, kapasita za AC na pampu zako, vitasa, balbu. Kila kinachotoka kiandikwe namba ya oda.

Usalama usifanyiwe utani. Anayefanya kazi ya umeme azime breka, aifunge kwa kufuli au tepu, aandike jina lake na abaki na ufunguo. Shimo la majitaka haingii mtu, hata kama ni la kina cha kifua, hata kama kifaa kimeangukia ndani. Gesi ya humo inaangusha mtu kwa pumzi chache, na anayeruka kumwokoa anaanguka pia. Ita gari la kunyonya.

Hatua ya 9: Kuzima huduma kwa adabu

Ukitaka kuzima maji au umeme kwa matengenezo, toa taarifa siku mbili kabla, useme kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, vyumba vipi, na nani apigiwe. Maji usizime Ijumaa mchana. Mwezi wa Ramadhani usizime kuanzia alasiri mpaka baada ya tarawehe, wala usiku wa daku, hata fundi akikuambia ni dakika kumi. Kazi ikizidi muda uliotangaza, toa taarifa nyingine kabla muda haujaisha, siyo baada ya simu kuanza.

Hatua ya 10: Ripoti ya mwezi kwa mwenye jengo

Karatasi moja. Oda ngapi zimefunguliwa, ngapi zimefungwa, ngapi zimefungwa ndani ya muda, ngapi zimejirudia, na pesa iliyotumika ikigawanywa kinga na dharura. Kama ulikuwa na oda 40 na 36 zimeisha ndani ya muda, hiyo ni asilimia 90, inapendeza, lakini zile 4 angalia umri wake. Asilimia inaweza kuwa nzuri kila mwezi huku kuna mpangaji mmoja anasubiri dirisha tangu vuli iliyopita.

Pesa ya dharura ikiwa inazidi ya kinga mwezi baada ya mwezi, mwonyeshe mwenye jengo kitu gani kinaila. Kwa kifaa kilichozeeka mimi natumia kipimo hiki: bei ya kukitengeneza ikifika nusu ya bei ya kipya, tena kimeshasumbua mara kadhaa, kibadilishwe. Mletee historia kutoka kwenye daftari, AC-2-05 mwaka huu imekula kiasi hiki na mpya ni kiasi hiki, hata kama ni mzee asiyependa kutoa hela atakaa chini apige hesabu.

Mkikutana anzeni na oda tatu za zamani kuliko zote, kabla ya chai na kabla ya mambo ya kodi. Kila moja itoke na jibu: ifanyike, isubiri mpaka tarehe fulani, au haifanyiki. Akisema haifanyiki, andika hivyo hivyo pembeni ya namba ya oda, tarehe, asaini, halafu siku hiyo hiyo mpigie mpangaji umwambie.